Nirimutora Njiani

Kwetu Ngara tulikuwa na lugha mbili zenye vyeo tofauti. Kihangaza kilikuwa cha jikoni na shambani, Kiswahili kilikuwa cha shule na ofisi, na nilipomaliza kidato cha nne nilijiona nimehamia ofisini moja kwa moja. Nilikuwa na maringo ya sarufi. Mtu akisema "nakura chakura" nilimsahihisha papo hapo, hata kama ananizidi umri, na mama yangu alizoea kuniambia kwamba mdomo huu utanikosesha mume. Basi anayesimulia hapa si mtu mpole. Nalitaja hilo mapema kwa sababu siku niliyotakiwa hasa kusahihisha neno, nilinyamaza.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, vilima vyetu vimefunikwa na maturubai mpaka wazee wakawa hawajui tena mashamba yao yalianzia wapi. Nilipata kazi ya ukalimani kambini. Sifa yangu haikuwa cheti. Ni kwamba Kihangaza na Kirundi ni watoto wa nyumba moja, na mimi nilivielewa vyote viwili, ingawa kwa nje nilijifanya sivijui sana. Karani niliyekaa naye mezani alitoka Pwani, Kiswahili chake kimenyooka, na asubuhi ile ile nilikuwa nimemdanganya kwamba nyumbani kwetu tunazungumza Kiswahili tu. Ushamba huo, ndugu zangu, ulikaribia kumnyang'anya mtu mtoto.

Mama mmoja alifika mezani petu akiwa na mtoto wa kike mgongoni, wa miaka miwili hivi. Karani akamuuliza kama mtoto ni wake. Nilikuwa tayari kutafsiri, lakini yule mama akaninyooshea kiganja kidogo, kwa adabu, kwamba angejibu mwenyewe. Aliamini kuwa serikali huzungumzwa nayo kwa Kiswahili. Akasema, "Si wa tumbo rangu. Nirimutora njiani, akiria."

Kutora, kwa Kirundi, ni kuokota. Kitu kimeanguka, unainama, unakiinua. Yule mama alichukua kitenzi cha kwao akakivalisha nguo ya Kiswahili, kama sote tulivyokuwa tukifanya. Karani wa Pwani hakukijua. Alifikiri mama amemeza silabi ya mwisho, akamsaidia, akaandika kwa mwandiko mzuri: alimtorosha njiani, mtoto akilia.

Nililiona neno lile. Wino ulikuwa haujakauka. Lakini ningelisahihisha ningelazimika kueleza nimelijulia wapi, nami sikutaka yule karani ajue kwamba ni neno la jikoni kwa mama yangu. Nikajikausha. Foleni ilikuwa ndefu, faili likafungwa, akaitwa mwingine.

Miaka ikapita na mimi nikajisahaulisha. Kibanda cha yule mama kilikuwa kwenye njia yangu ya kwenda ofisini. Kila asubuhi ilikuwa shikamoo mama, marahaba mwanangu, umeamkaje, na mara nyingine kiazi cha moto kwenye jani la mgomba. Mume wake alitangulia na wenzake siku ya kukimbia na hakuonekana tena. Alikuwa akienda kulima vibarua kwa wenyeji, mtoto mgongoni, na hata mtoto alipokua akawa na miguu mirefu inayoning'inia kama ya ndama, bado alimbeba wakati wa kurudi. Nilimtania kwamba atamlemaza. Akanijibu kwamba mgongo wake haujalalamika, mimi nalalamika kwa niaba ya nani?

Kisha zikaja habari za Marekani. Familia kadhaa zingechukuliwa zikaishi huko moja kwa moja, na jina la mama huyu lilikuwamo. Kambi nzima ikawa na wataalamu wa Marekani ambao hawajawahi kufika hata Mwanza. Wakamshauri kwa moyo safi: akiulizwa, aseme amemzaa yule mtoto. Nani angejua? Hata sura walikuwa wameshaanza kufanana.

Asubuhi ya mahojiano nami nilimshauri vivyo hivyo, tena kwa kumbembeleza, maana nilikuwa nimekumbuka kilichoandikwa ndani ya faili. Nilimwambia, "Mama, sema umemzaa, yaishe." Alikuwa akimfunga mtoto vifungo vya gauni. Akasema bila kuniangalia, "Na mama yake akija kumtafuta, atamtafutia kwenye karatasi ipi?"

Mimi nilikuwa nahangaika na aibu yangu, mwenzangu alikuwa akimfikiria mwanamke asiyemjua, ambaye siku akitokea angeweza kumwambia nipe mwanangu.

Aliyehoji alikuwa mama wa Kimarekani mwenye mvi, miwani imefungwa kwa uzi shingoni. Mtoto alibaki nje, namwona dirishani akirusha vijiwe. Yule Mmarekani akafungua faili, msaidizi wake akamsomea kwa Kiingereza, akaguna. Akaniomba niulize ni kwa nini karatasi inasema kwamba alimtorosha mtoto kutoka kwa wazazi wake. Akaongeza kwamba kama ndivyo, safari imekwisha, na mtoto atawekwa kwa mtu mwingine.

Nikatafsiri. Kazi yangu ilikuwa kutafsiri kila neno bila kupunguza, na nilitafsiri hata hilo la kumwondoa mtoto. Mama aliniangalia kwanza mimi, halafu dirisha. Hakupandisha sauti. Akaeleza kwa Kirundi safari hii, polepole, ili nisikose hata kidogo.

Walikuwa wanakimbia, kundi zima, milio ya bunduki nyuma yao. Kando ya njia alimwona mtoto amekaa karibu na fungu la nguo, sweta amevalishwa nje ndani, ishara kwamba aliyemvalisha alikuwa na haraka. Akamwinua. Wenzake wakamwambia twende. Yeye akasema ngojeni, huenda mama yake amerudi nyuma kuchukua mwingine, atakuja. Wakamwambia mwache, utakufa naye. Wakaondoka, mume wake akiwa mbele nao. Yeye akakaa chini pale pale na mtoto wa mtu asiyemjua, akangoja tangu asubuhi mpaka jua likapinda, bunduki zikisogea, ili mama wa watu asije akakuta mahali patupu.

Nilishatafsiri mambo mengi katika chumba kile na nilidhani moyo umeota sugu. Siku hiyo nilijikuta nahesabu saa alizongoja. Nusu siku! Mimi nilishindwa kusema neno moja mbele ya karani, tena nimekaa kwenye kiti, kivulini.

Nikapiga moyo konde. Nikamwambia yule Mmarekani kwamba kosa lililo kwenye karatasi ni langu. Nililiona likiandikwa, nilijua ni kosa, nikanyamaza kwa sababu ya majivuno. Akavua miwani. Akauliza, basi kutora maana yake nini hasa? Nikasema ni kuokota. Halafu, kwa kuwa sasa nilikuwa nimeamua kusema yote, nikaongeza kwamba neno hilo hilo kwetu ni kuchagua pia. Akataka kujua mama amekusudia lipi. Nikamuuliza mama.

Alifikiri. "Kwanza niliokota," akasema. "Halafu wenzangu waliponiambia nimwache..." Hakumalizia, na mimi sikumalizia kwa niaba yake.

Yule Mmarekani aliandika muda mrefu. Aliandika upya kila kitu: mahali, majira, sweta, fungu la nguo. Mimi niliondolewa kwenye ukalimani, nikapelekwa kupanga foleni ya mgao wa mahindi, na sikulalamika, maana nilistahili hata zaidi ya hapo. Baada ya miezi kadhaa mama na mtoto walipanda basi pamoja. Alinishika mkono dirishani akaniambia, "Usiache kusema Kihangaza."

Marekani haikuwa ile waliyohubiri wataalamu wa kambini. Kwa simu alinisimulia kiwanda cha kuku, zamu ya usiku, baridi ya ndani inayozidi ya nje, kisu mkononi mpaka vidole vikawa havikunjiki asubuhi. Alijifunza kusoma akiwa na miaka arobaini na kitu, kwenye chumba cha chini cha kanisa, kwa kitabu cha watoto. Mtoto ndiye aliyekuwa mkalimani wake hospitalini. "Huyo anatafsiri vizuri," aliniambia, "hanyamazi." Nililipokea hilo, nikacheka.

Mimi wakati huo nilikuwa nimeolewa Lusahunga, mdomo wangu na yote, nauza ugali na maharage kwa madereva wa malori yanayotoka mpakani Rusumo. Siku moja akanipigia, sauti si yake. Ofisi inayounganisha ndugu waliopotezana ilikuwa imekuta mafaili mawili yanayofanana: njia ile ile, majira yale yale, sweta nje ndani. Mama mzazi alikuwa hai. Wala hakuwa mbali. Hakuwahi kuingia kambini, alipitia porini akatokea Nemba, akalima kwa Msukuma mmoja mpaka akapata kishamba chake. Miaka yote ile tulikuwa naye wilaya jirani.

"Ukinyamaza hakuna atakayejua," nilimwambia. Nilimjaribu? Sijui. Nadhani nilimwonea huruma tu.

"Naogopa," akasema. "Bunduki sikuziogopa hivi. Huyu mtoto akienda akapaona kwao, mimi nitarudi kwenye nyumba tupu." Kisha akasema, "Nitamkatia tiketi mwezi ujao."

Na akamkatia. Binti alishuka kwenye basi la Mwanza hapo Lusahunga, mrefu, suruali ya jinzi, begi mgongoni, Kirundi chake kina lafudhi ya Kiingereza. Aliniamkia shikamoo kama aliyelelewa Ngara. Mama mzazi alikuwa amefika tangu asubuhi kwa bodaboda, amekaa kwenye benchi langu, kitenge kipya, mikono mapajani. Sitaeleza walivyokutana, hayo ni yao. Nitasema tu kwamba chakula cha siku hiyo kiliungua na madereva hawakudai.

Saa kumi jioni, Marekani ikiwa asubuhi, simu ikaita. Mama mlezi ndiyo kwanza ametoka kiwandani. Binti akaiweka mezani, akafungua sauti. Nilisimama karibu kwa mazoea ya kazi, halafu nikakumbuka kwamba wote watatu wanaelewana.

Mama mlezi akasema kwa Kirundi, kwa unyenyekevu wa mtu anayeomba chumvi kwa jirani mgeni, "Dada, nisamehe kwa kuuliza. Nilipomwinua alikuwa hajui kujitaja. Miaka yote hii nimemwita kwa jina nililompa mimi. Ninyi mlikuwa mkimwita nani?"

Mama mzazi akafungua mdomo. Nililiona jina likifika midomoni. Akamtazama binti aliyekaa mbele yake, akalifungia.

"Mwite hivyo unavyomwita," akaiambia simu. "Ndilo aliloitikia."

Kule ng'ambo mtu mzima akaangua kilio. Mama mzazi akainama juu ya meza, akamvuta binti kwa shingo, na lile jina jingine akamnong'oneza sikioni. Mimi sikulisikia.