Nilimtafunisha mchumba wangu utomvu wa paini, sasa taya limekwama

Admin, kisa kiweke ila jina langu baki nalo wewe. Nina miaka 26, ni binti wa Kinyakyusa, naishi Iyunga hapa Mbeya na kazi yangu ni kushona nguo. Nimechumbiwa na kijana wa Kihehe wa Kalenga, Iringa, nitamwita Baraka. Mahari imeshapokelewa, ndoa ni baada ya mavuno. Baraka ni mwalimu wa kwaya kanisani kwao, na mimi niliipenda sauti yake kabla hata sijamwona vizuri usoni.

Shida ilianzia kwenye picha za kadi ya harusi. Nilizikagua moja moja kama ninavyokagua mshono wa mteja msumbufu. Baraka ana mashavu ya mviringo, akicheka macho yanapotea kabisa. Mdomo wangu haujatulia, nikamwambia, "Hivi Baraka, huu ni uso au andazi?" Akacheka sana, na mimi nikacheka. Laiti ningeishia hapo. Siku hizo kwenye simu nilikuwa naangalia vijana wanaotafuna bigijii ngumu ili taya litokeze, uso ukae kiume. Nikamtumia video moja, kesho yake nyingine, mpaka akaniuliza, "Kwani wewe unataka niwe nani?" Nikamjibu kwamba nataka apendeze tu siku yetu.

Bigijii zenyewe dukani huku sikuziona. Lakini kwenye video walisema zinatengenezwa kwa utomvu wa mti, basi nikajiona nina akili kuliko watu wote. Mjomba wangu anagema utomvu wa paini kule Mufindi. Nikamwomba madonge yaliyokaukia kwenye magome. Akauliza ya nini, nikamdanganya ni ya kuwashia moto. Nikayachemsha na nta ya nyuki, nikayaviringisha, yakapoa yakawa magumu kama kokoto. Nikampelekea Baraka mwenyewe, kwa mkono wangu, nikamwambia atafune asubuhi na jioni.

Alitafuna jamani. Alitafuna akilima, akipasi shati, akinisubiri kwenye simu. Taya likaanza kujaa pembeni na mimi nikamsifia kwa moyo wote, "Sasa ndiyo unakaa kama bwana harusi!" Akaniambia taya linalia akipiga mwayo, na akiamka kichwa kinamgonga. Nikamwambia avumilie, misuli ndiyo inakua. Nani alinipa udaktari mimi, fundi cherehani?

Mwezi uliopita, katikati ya mazoezi ya kwaya, alifungua mdomo aanzishe wimbo, taya likakwama. Mpaka leo mdomo unafunguka kiasi cha kupitisha kijiko tu. Haimbi tena, anakunywa uji. Nilipofika Kalenga mama yake alinipokea mlangoni, "Kamwene, mkwe wangu. Njoo umwone mwenzio, hata kande hawezi kutafuna." Tulipoingia ndani akaendelea kumkanda Baraka taya kwa kitambaa cha maji ya moto, polepole, kama anamwogesha mtoto mchanga. Kisha akasema, "Sura hii ni ya baba yake. Tangu marehemu aondoke, mimi namwona hapa." Nikatoka nje nikajifanya nachota maji. Nilijisikia vibaya mno, kwa sababu sura hiyohiyo ndiyo niliyoiita andazi.

Tukaenda kwa daktari wa meno, sote watatu. Daktari akamuuliza, "Kijana, kuna kitu kigumu unachotafuna mara kwa mara? Hata bigijii?" Baraka akanitazama mimi kwanza. Halafu akasema, "Hapana, dokta." Alikuwa ananikinga. Na mimi nilikuwa pale pale, mkoba mapajani, nikaukodolea macho ukuta. Daktari akasema basi huenda magego ya mwisho yanasukumana, arudi Jumatatu yang'olewe. Akaongeza, "Lakini kama kuna kitu anatafuna, semeni. Hapo kiungo cha taya ndicho kitakuwa kimeumia, na kung'oa meno hakutamsaidia." Nilimsikia vizuri kabisa, na bado nikanyamaza. Tukitoka, mama akanishika mkono, "Ahsante mwanangu. Mwingine angeshakimbia."

Nilipopata nafasi nikamuuliza Baraka kwa nini hakusema. Akanijibu kwa shida, meno yamefumbana, "Nikisema, mama atauliza nimeitoa wapi. Atakuchukia hata hujaingia ndani." Nikalia, nikamwomba aache kutafuna. Akaniapia ameshaacha zamani.

Tangu nirudi Mbeya sili vizuri. Naogopa mama atavunja uchumba, na ana haki. Naogopa Baraka atang'olewa meno mazima kwa ajili ya ulimi wangu. Kila siku najiambia leo nitapiga simu, halafu najishughulisha na nguo za wateja ambazo hata hazina haraka.

Sasa jana jioni amenitumia picha. Amejipiga kwa pembeni, shavu limevimba mpaka ngozi inang'aa. Chini ameandika, "Sasa natafunia upande usiouma. Vipi, nimekaribia?"

Nimeitazama picha hiyo mpaka simu ikazima. Jamani, najua mtanitukana, tukaneni tu, nimestahili. Ila mkimaliza nisaidieni. Jumatatu haiko mbali, na mama yake akipokea simu ataniita mkwe wangu kabla sijafungua mdomo. Nimwambie nini kwanza?