Nimepima mvua ya mawe Yamumbi, nikapata kitu kingine

Jamani, leo nimepima mvua ya mawe kwa sumaku.

Mnajua mimi ni mwalimu wa kemia. Saa tisa mawe yalianguka hapa Yamumbi, mahindi ya jirani yangu Mzee Kiptoo yakabaki vijiti.

Akaja na video kwa simu. "Mwalimu, kuna watu wananyunyizia mawingu chuma. Pima!"

Nikacheka. Lakini nikapima.

Mawe ya shambani yakayeyuka, maji safi kabisa. Mzee hakuamini. Akaokota mengine chini ya paa la Mama Njeri, jirani yetu.

Nikapitisha sumaku. Vipande vyeusi vikanasa!

"Si nilisema!" Mzee akapiga kelele.

Mama Njeri akatoka, akaangalia. Akasema polepole, "Hiyo si ya mawingu. Ni mabati yangu. Niliyatoa kwa majivu ule mwaka walichoma nyumba yetu baada ya kura. Sikuwa na mengine, na mpaka leo yanabanduka."

Mzee akavua kofia. "Mama Njeri, hiyo siku nilikuwa kwa barabara. Niliona ikiungua. Sikusema kitu."

Mama Njeri akamwangalia machoni. "Najua, Mzee. Nilikuona."

Na miaka yote hiyo wanasalimiana kila asubuhi! Mimi nilidhani nawajua.

Sasa wako jikoni kwa Mama Njeri, wawili tu, mlango wamefunga. Nasikia mzee analia.

Watu wangu, nibishe hodi ama niende nyumbani?