Moto Usio na Rangi

Dada yangu alikuja likizo na kichupa cha unga ambao mama alidhani ni hamira. Ningemwacha auumulie mahamri, wallahi, lakini dada alimpokonya kabla sijaanza kucheka. Anasoma shahada ya pili ya kemia Nairobi, na unga ule ndio uliobaki wa kazi ya mwaka mzima: oksidi nyeupe iliyonyweshwa chumvi ya dhahabu. Ukichomwa vizuri, punje za dhahabu, ndogo hata hadubini ya shule yetu haizioni, zingeshika kila moja mahali pake juu ya oksidi, zikawa na uwezo wa kuivunja ile sumu ya jiko la makaa inayoua watu usingizini. Msimamizi wake alishamwambia kwamba akishindwa safari hii, nafasi yake atapewa mwingine. Dhahabu nyingine hakuna.

Tanuri la chuo liliharibika. Lakini chini ya nyumba yetu hapa Kibokoni kuna karakana ya babu, sonara. Alikuwa sonara, niseme, maana siku hizi maharusi wanavaa dhahabu iliyokuja kwa ndege, naye macho yake yameingia ukungu. Kazi yake kubwa sasa ni kunigombeza nikila njiani. Dada alipomwomba tanuri lake, mzee alikoga, akavaa kofia mpya, akashuka ngazi kama anayekwenda kuozesha.

Dada aliyafunika makaa kwa jivu, akaweka kichungu chenye unga, akachomeka waya wa kupimia joto wenye kioo kidogo cha namba. Digrii mia tatu, alisema, zisizidi. Nikamuuliza zikizidi itakuwaje. Akanieleza kwamba joto kali huzifanya punje zitangetange juu ya oksidi, zikutane, ziungane ziwe madonge. Dhahabu ni ile ile, lakini iliyofichwa ndani ya donge haigusi hewa, kwa hivyo haifanyi kazi.

"Kama darasa letu," nikasema. "Mwalimu akitutenganisha, kila mtu ataandika. Tukisongamana, walioko katikati wamelala."

Alicheka. Tangu ashuke kwenye treni hakuwa amecheka.

Kisha shangazi akabisha na wageni wawili, na sote tulijua wamekuja kumtazama nani. Mama aliita. Dada akasema ana kazi. Mama akaita tena kwa ile sauti yake ya pili, ambayo hata paka huiitikia. Dada akamwambia babu akae tu, asiguse kitu, anarudi sasa hivi. Mimi nikafuata na sinia la kahawa na visheti, viwili havikufika.

Lakini salamu za wageni wa kwetu hazina "sasa hivi". Waliuliza hali ya kila aliye hai, wakahamia kwa marehemu. Dada alikuwa akijibu alhamdulillahi huku macho yakiwa mlangoni.

Huko chini babu alifanya vile sonara afanyavyo. Alifunga madirisha giza liingie, autazame moto kwa rangi yake. Zile namba hakuziona, na hata angeziona asingeziamini; toka utotoni moto kwake ni rangi, na kila rangi anajua inafanya nini kwa dhahabu. Ila digrii mia tatu hazina rangi. Kichungu kilikuwa cheusi ti. Kwa macho yake ule moto ulikuwa umezimika, na mjukuu wake yuko juu amekwama na wageni. Akafagia jivu, akaongeza makaa, akakaa kwenye mvukuto akiupuliza moto.

Tuliporudi kichungu kilikuwa chekundu kama pilipili iliyoiva. Namba zilishapita mia nane.

"Moto ulikuwa ushakufa, mwanangu," babu akasema, jasho limemlowesha kofia. "Nimekufufulia."

Dada alimbusu mkono. "Ahsante, babu. Mungu akuweke."

Unga ulitakiwa utoke wa zambarau. Ulitoka wa kahawia iliyochujuka, umeshikana. Mimi nilikuwa na mzaha tayari, mzuri sana, kuhusu ufufuo. Niliumeza.

Juu chumbani nilimuuliza mbona hakumwambia babu kwamba unga umeharibika.

"Nikimwambia, atawasha tena lini?" akasema, na akageukia ukutani.

Aliupeleka hivyo hivyo Nairobi, wakaupima, wakapitisha ile hewa ya sumu juu yake; ilivyoingia ndivyo ilivyotoka. Nafasi ikaenda kwa mwenziwe. Sasa yuko nyumbani, anawafundisha watoto wa majirani hesabu, na jioni ananifundisha mimi kemia, adhabu ambayo hakuna aliyeniuliza kama naistahili. Wale wageni hawakurudi.

Babu anawaambia wote kwenye baraza kwamba mjukuu wake alimaliza chuo kwa moto wake. Kila asubuhi anafungua karakana, anapangusa mvukuto, anapanga makaa. Juzi aliniita nikipita na mkate mdomoni. Hakunigombeza.

"Dada yako hana unga mwingine?" akauliza.

Mimi nina jibu la kila kitu, waulize walimu wangu. Nikatafuna mpaka mkate ukaisha.

"Bado, babu."

"Mwambie makaa yapo."