Makopo Kumi na Manne

Nina hasira, na habari hii nitaisimulia nikiwa nayo hivyohivyo. Nikingoja ipoe nitaanza kuwahurumia watu wasiostahili.

Wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, ni mpishi. Kwa miaka kumi na mmoja amepikia watoto sitini wa shule ya chekechea, na mimi humwoshea sufuria. Kazi yenyewe alinitafutia yeye. Watoto wanamwita Mama Mwiko. Ni mpole kupita kiasi, mpole wa kuudhi. Ukimkanyaga mguu, anayeomba radhi ni yeye. Sisi ni mawifi wa kweli, tunataniana kutwa: mimi husema kaka yangu alioa harufu ya kitunguu, si mtu, naye hunijibu kwamba mimi sijaolewa kwa sababu ya mdomo. Sawa, mdomo ninao, na mtaa mzima unaujua.

Mtaani kwetu kuna supamaketi mbili zinazotazamana, barabara ikiwa katikati. Moja tunaiita Marumaru, kwa ajili ya sakafu yake. Humo kuna muziki, kuna taa juu ya nyanya, na kuna mlinzi anayekuamkia utadhani umekuja kuposa. Ya pili ni Maboksi. Bidhaa zimeachwa ndani ya maboksi yaliyochanwa kwa kisu, kaunta ziko nne lakini mtunza fedha ni mmoja, na mfuko uje nao kutoka kwako. Wenye magari huingia Marumaru. Sisi wengine huingia Maboksi, na wapo wanaotoka humo wamekunja mfuko kwapani wasionekane na majirani.

Wifi hakuwa na aibu hiyo wala maringo ya upande wowote. Kila Jumamosi aliingia kotekote. Alisoma mgongo wa pakiti neno kwa neno, mimi nimesimama miguu inaniwaka.

"Wifi, nunua twende! Unasoma barua ya mahakama?"

"Ngoja, mama. Ona hapa."

Alikuwa amekwisha kugundua kwamba unga wa Maboksi na unga wa Marumaru unatoka kiwanda kimoja, anwani ileile. Kilichobadilika ni picha ya ngano. Sukari ni vilevile. Chumvi ni chumvi. Njegere za Maboksi ni laini kuliko za wenzao. Nyanya za Marumaru zinametameta juu, ukizigeuza chini zimeoza. "Wanatuuzia taa," alisema. Lakini vyakula vya kopo hakuwahi kuvilinganisha, maana nyumbani kwake kopo haliingii. Maharage huyaloweka na kuyachemsha mwenyewe.

Shuleni ndiko kwenye makopo. Gesi ni ya kubana na muda ni mfupi, kwa hiyo tangu siku ya kwanza maharage yaliletwa yameshaiva, makopo kutoka Marumaru. Na hapa nisikilizeni vizuri, maana ndipo mambo yalipoharibikia. Wifi hapimi, anahesabu. Makopo kumi na manne kwa watoto sitini, yanamiminwa sufuriani pamoja na maji yake, maji hayo ndiyo mwanzo wa mchuzi. Siku ya kuku, mifuko sita ya kuku wa barafu. Hesabu hiyo haikupungua wala kuzidi kwa miaka kumi na mmoja, na watoto walikuwa wanashiba mpaka wanasinzia mezani.

Muhula uliopita alimwendea Mkurugenzi, mama mwenye shule, akamwambia kwa adabu zake zote, "Mama, unga, sukari, chumvi na mchele tuchukue Maboksi. Ni vilevile, na kitakachobaki tuwanunulie watoto matunda." Mkurugenzi akasikia neno Maboksi, mengine yakampita. Wiki iliyofuata kila kitu kilitoka Maboksi: unga, makopo, kuku, hadi siagi. Matunda hatukuyaona. Tulichokiona ni bango jipya getini, lenye picha ya mtoto anayecheka na shavu limevimba kwa shibe.

Haukupita muda watoto wakaanza kurudi na sahani. "Mama Mwiko, niongeze." Aongeze nini, na sufuria imekauka? Wifi aliuona mchuzi umekuwa mwepesi, akautilia kijiko cha unga, kesho yake viwili. Aliwaona kuku wakisinyaa sufuriani, akadhani moto umezidi. Lawama zote alijipa yeye. Mimi nikamwambia, "Wifi, uzee huo, mkono umeanza kusahau," nikacheka. Nilicheka, mimi mjinga!

Mama mmoja mwenye mapacha akaja juu. Wanawe walikuwa wanatoka shule na njaa, wanararua mkate getini kabla hata ya kufika kwenye gari. Akamuuliza Mkurugenzi, "Nalipa ada kamili. Chakula cha watoto wangu kinakwenda wapi?" Swali zuri kabisa, simlaumu kwa kuliuliza. Mkurugenzi angeweza kuingia jikoni akafungua kopo moja. Angeweza kukaa na watoto akala sahani yao. Thubutu! Kiatu kile kikanyage jikoni? Yeye alihesabu makopo matupu kwenye pipa, akakuta kumi na manne, akaamua kwamba kilichokuwamo kimebebwa.

Alhamisi, saa tisa na nusu, wazazi wamejaa getini kuchukua watoto, akaita. "Mama Mwiko, hebu njoo. Njoo na mkoba wako."

Akaumwaga mkoba juu ya meza ya mlinzi. Kikatoka kitambaa cha kichwa, zikatoka dawa zake za presha, ikatoka picha ndogo ya kaka yangu ya enzi zile ana nywele. Na kikatoka kibakuli cha plastiki chenye ukoko wa wali. Ukoko huo wifi hukwangua kila siku kwa ajili ya kuku wake wawili wa nyumbani, na Mkurugenzi mwenyewe ndiye aliyewahi kumwambia, "Chukua bwana, utanipunguzia takataka." Leo akakiinua kile kibakuli juu, wote wakione.

"Haya, wazazi. Mwizi wa chakula cha watoto wenu mmemwona?"

Wifi akasema kwa sauti ndogo, "Ni ukoko wa kuku wangu, mama." Mtu mmoja akacheka.

Mimi nilikuwa mlango wa jikoni, mikono ina povu. Ukoko ule niliujua. Ruhusa ile niliisikia kwa masikio yangu. Neno moja tu lingetosha, na mdomo si ninao? Nikamtazama Mkurugenzi, nikakumbuka kodi ya chumba changu, nikarudi ndani kusugua sufuria ambayo nilikuwa nimeshaiosha. Hasira ninayowaambia tangu mwanzo, nusu yake ni ya hapo.

Wifi akaambiwa akae nyumbani, Mkurugenzi akitafuta mpishi mwingine. Nani atampa jiko mwanamke wa miaka hamsini na mitatu aliyeitwa mwizi wa chakula cha watoto? Habari ilifika mtaani kabla yake. Lisemwalo lipo, walisema, kama halipo laja. Jirani aliyekuwa amemwonyesha anapoficha ufunguo wa nyumba alipabadilisha. Kaka yangu alitaka kwenda kupigana, wifi akamzuia na kumpakulia chakula. Jumamosi nilimkuta ameketi kitandani, amepanga vidole vyake gotini, anahesabu.

"Yalikuwa kumi na manne, wifi. Niliyafungua mimi mwenyewe. Kumi na manne."

"Najua yalikuwa kumi na manne!"

"Basi watoto walikosa nini?"

Akainua kichwa. Nikaona swali lenyewe limemrudia, maana mtu huyu kwa miaka mingi amekuwa akisoma migongo ya pakiti, na makopo haya hakuwahi kuyageuza. Tukainuka. Tukaingia Maboksi, tukaingia Marumaru, makopo matatu ya maharage kila upande na mfuko mmoja mmoja wa kuku wa barafu. Mizani tuliazima kwa mama anayeoka keki nyumba ya tatu, ambaye kwanza alituuliza tutairudisha lini. Nikamjibu jibu ambalo siliandiki hapa.

Tukamimina kopo la Marumaru kwenye chujio. Maji yakatoka kidogo, mazito. Yaliyobaki tukayapima: gramu mia mbili na arobaini. La Maboksi likatoa maji mpaka nikadhani limetoboka, mepesi kama ya kusuuzia vikombe. Yaliyobaki: gramu mia na hamsini. La pili vilevile. La tatu pungufu kidogo. Kwa mbele makopo yote yameandikwa gramu mia nne, herufi kubwa za kujitapa. Kwa nyuma, chini kabisa, herufi za sisimizi, ndipo wameandika uzito wa maharage bila maji. Ukweli wameuandika, lakini wameuandikia nani, mbu?

Kuku tukawaacha barafu iyeyuke. Kilo ya Marumaru ikabaki gramu mia tisa. Kilo ya Maboksi ikabaki mia sita na sabini, na maji ya kujaza jagi.

Kopo la Maboksi ni rahisi kwa sehemu moja katika tano. Maharage yake yamepungua kwa zaidi ya sehemu moja katika tatu. Kwa hiyo anayekwenda pale kwa sababu hana, ndiye anayelipa zaidi kwa kila punje, halafu anabeba maji mpaka kwake na kushukuru amepata nafuu. Rahisi ghali, wazee walisema, lakini hawakusema ghali hiyo inaliwa na nani. Na Marumaru wasijishaue. Siagi yao ilikuwa gramu mia mbili na hamsini, sasa ni mia mbili na ishirini, karatasi ileile, bei ileile, na yule mlinzi bado anakuamkia. Wezi wamejaa, wote wana leseni, na aliyemwagiwa mkoba ni wifi yangu.

Mimi nilikuwa napiga meza kwa furaha. "Tumewakamata! Wifi, umepona!" Yeye alikuwa analia.

"Watoto walikuwa na njaa," akasema. "Wakaja kwangu na sahani. Nami nikawapa mchuzi wa unga."

Alilia kwa muda, nami nikaacha kupiga meza. Kisha akajifuta uso, akaosha chujio, akalifunga kwenye gazeti. Nilimwona usoni kitu ambacho sikuwahi kukiona katika miaka yote ya uwifi wetu. Taya zilikuwa zimekaza.

Jumatatu tukaingia ofisini kwa Mkurugenzi na makopo mawili, chujio na mizani. Wifi hakuketi. Alifungua, akachuja, akapima, juu ya meza yenyewe, maji ya maharage yakarukia karatasi. Mkurugenzi alisoma mizani, akasoma mgongo wa kopo, akasoma tena. Akavua miwani.

"Basi, Mama Mwiko. Yaishe. Kesho rudi jikoni, na nitakuongezea kitu kidogo. Tusilikuze hili, unajua jina la shule."

"La shule nalijua," wifi akasema. "Langu je?"

"Nimesema yaishe. Nakuomba radhi."

"Radhi ya humu ndani nani ataisikia? Ulinivua nguo pale getini, saa tisa na nusu. Nitakusubiri palepale leo, saa tisa na nusu. Usipokuja, nitaanza mwenyewe, na mizani ninayo."

Sikuamini ni yeye. Mkurugenzi akanigeukia mimi, akitafuta wa kumsaidia. Nikatazama dari.

Alikuja. Wazazi walikuwa wamejaa, mama wa mapacha yuko mbele. Mkurugenzi akakohoa. "Wazazi, wiki iliyopita kulitokea kutoelewana kidogo kuhusu manunuzi—"

"Siku ile hukusema kutoelewana," wifi akamkata. "Ulisema mwizi."

Mkurugenzi alitazama viatu vyake.

"Nilimwita mwizi. Hakuiba chochote. Makopo niliyoyaagiza mimi yalikuwa maji matupu, na sikuyaangalia."

"Kule nyuma hawajasikia."

Akarudia kwa sauti, shingo imemvimba. Baba mmoja aliyevaa tai akaanza kupiga makofi. Wakamfuata wa pili na wa tatu, mara geti zima linapiga makofi, wanatabasamu, wanafutiwa dhambi zao bure. Wifi akamgeukia yule baba.

"Acha. Usinipigie makofi. Alhamisi ulikuwa umesimama hapohapo. Nyote mlikuwepo. Miaka kumi na mmoja nawapikia watoto wenu, na hakuna hata mmoja aliyesema subiri kwanza."

Makofi yakafa. Mimi nilikuwa kando yake, bega kwa bega, nimeshapiga matatu. Hakunitazama. Alifunga kitambaa chake cha kichwa, akapita kwenda jikoni kuloweka maharage ya kesho, nami nikaishusha mikono yangu.