Mke Mwenzangu Ana Kuta Nene

Mume wangu hana mwanamke wa nje. Nasema mapema, maana nikianza kulalamika watu hunipa pole za aina hiyo. Mke mwenzangu ni ngome, ile ya kisiwani iliyogeuzwa hoteli ya wenye nazo, na kwa miaka saba nimemwonea wivu mpaka nikakonda.

Mume wangu ni fundi wa chokaa. Mtaani wanamwita hivyo hivyo, Chokaa. Ngome ilipoanza kukarabatiwa, mafundi wa saruji walijaa tele, lakini aliyejua chokaa ya kizamani alikuwa yeye peke yake. Kazi hiyo aliachiwa na baba yake. Chokaa unailoweka shimoni miezi mitatu kabla ya kuigusa. Ukishapiga lipu, unaifunika kwa magunia na kuyamwagia maji asubuhi na jioni, isije ikakauka haraka ikapasuka. Haya yote nililishwa pamoja na chakula. Nikipakua tu, yeye anaanza: leo ukuta wa mashariki umeshika vizuri, leo chumba cha baruti kimetoa unyevu. Nilipougua mimi, alinipa dawa amesimama mlangoni, akakimbilia boti. Yule alipotoa ufa mmoja, alilala huko siku mbili.

Na sebule yangu? Ukuta umebanduka tangu kifungua mimba wetu hajaota meno.

“Nitaupiga, mama watoto. Ngoja kule kuishe.”

Kule kukaisha. Hoteli ikafunguliwa, akapewa cheti chenye fremu, akashikwa mkono, basi. Wakaja wapaka rangi wenye fulana za kufanana, wakapaka rangi ya plastiki juu ya chokaa yake. Aliwaambia ukuta ule unapumua, wakiuziba utavimba. Wakamjibu, “Asante mzee, tutaangalia.”

Sitasema uongo: nilifurahi. Nilifurahi vibaya! Nilifua mapazia, nikaweka kiti kipya sebuleni, nikajisemea amerudi kwangu, yule abaki na matajiri wake.

Kilichorudi ni mwili. Alikaa kwenye kile kiti kutwa, anautazama ukuta wetu uliobanduka kana kwamba ni wa jirani. Mwezi wa kwanza nilimwacha apumzike. Wa pili nikaanza kumchokoza.

“Fundi, huyo unayemwangalia anakudai lipu.”

Hata tabasamu sikupata. Atakula matonge mawili, atanawa, atarudi kitini. Hapo ndipo wivu ulipozidi. Zamani angalau alikuwa ananisimulia habari za yule. Sasa alikuwa anamuwaza mbele yangu, bila kunigawia hata neno. Siku nilipomkuta anatoboa kwa msumari tundu la tatu kwenye mkanda wa suruali, suruali isimvuke, wivu ukaingiwa na hofu. Niliona huyu mtu nitamzika.

Jirani yangu anafua mashuka hotelini. Nikamwambia kesho anipandishe kwenye boti yao.

“Unaenda kugombana na nani?” akauliza.

“Na mke mwenzangu.”

Alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi sikuwa natania.

Nilikuwa sijawahi kukanyaga pale, na nilimwomba Mungu nimkute mbaya. Hakuwa mbaya hata kidogo. Ndani kulikuwa na ubaridi mzuri, na kona za madirisha zilikuwa zimelainishwa kwa kiganja. Nilijua ni kiganja cha nani, roho ikaniuma upya. Lakini nyuma ya meza ya mapokezi ukuta ulikuwa umetoa malengelenge, na mbele yake wamesimamisha chungu kikubwa cha maua kuficha aibu. Nikasogea, nikabonyeza lengelenge moja kwa kidole gumba. Likapasuka, maji yakachuruzika hadi sakafuni.

Meneja akaja mbio. “Mama, tafadhali, usiguse!”

“Nisipogusa mimi, litawaangukia wageni,” nikamwambia. “Mmeuziba pua. Bandueni rangi hii yote, muuache ukauke, halafu mpige chokaa iliyolowekwa miezi mitatu. Magunia juu, maji asubuhi na jioni. Mkithubutu kuweka saruji, mtakuja kunitafuta.”

Akanitazama kuanzia kanga hadi ndala. “Kwani mama ni fundi?”

“Mimi mke wa Chokaa.”

Uso ukambadilika. “Yule mzee! Atakubali kurudi kweli?”

Nilitaka kusema hapana. Neno lilishafika kwenye ulimi.

“Mpigie mwenyewe,” nikasema. “Ila usimwambie nilikuja. Akijua ameombewa na mkewe, hatarudi.”

Simu iliingia kesho yake tukiwa tunakula. Aliinuka nayo, akasikiliza, akasema ndiyo mara nne. Aliporudi kukaa alikuwa na macho ya zamani, na akaanza kunieleza habari za ukuta wa mapokezi, ulivyovimba, unavyotakiwa kubanduliwa. Nikauliza maswali kama mtu asiyejua lolote.

“Umeona?” akasema. “Wamenitafuta wenyewe.”

“Nimeona.”

“Najua wewe hujawahi kupenda niende kule. Lakini safari hii usininunie, mama watoto. Kule ndiko wanakonijali.”

Nikamwambia ale, boti ya wafanyakazi inaondoka mapema.