Baiskeli Zilizovuta Kushoto

Kwenye uwanja ule wa baiskeli kuukuu, nyuma ya karakana ya kuchomelea mageti, hakuna aliyenunua kitu kabla Mama Timazi hajakipanda. Jina hilo alipewa na mafundi, wakimfananisha na ile kamba yenye kitu kizito anayoning'iniza mwashi apate kujua kama ukuta umesimama wima. Kwa miaka ishirini na miwili yeye ndiye aliyekuwa timazi ya kila baiskeli iliyopita pale. Mfupi, mapaja ya mtu aliyeshinda mashindano ya baiskeli enzi za usichana, na ulimi usio na breki. Mnunuzi akianza kusifia rangi, alimkata kauli: "Baba, rangi haiendeshwi. Sogea nipande."

Kabla ya kupanda aligonga fremu kwa ufunguo wa spoki, bomba baada ya bomba, ameinamisha kichwa. Chuma kizima hulia. Chuma kilichozibwa kwa lipu ya magari hukohoa. Kisha alipapasa chini ya shingo ya fremu kwa kidole gumba, kwa sababu baiskeli iliyowahi kugonga ukuta hubaki na kamkunjo pale, na hakuna rangi ya kukaficha. Ndipo apande, kutoka getini mpaka ukuta wa matofali na kurudi, mzunguko wa pili akiwa ameachia mikono yote miwili. Iliyonyooka hujiendea yenyewe. Iliyopinda huvuta upande, na mwenye makalio yanayojua kusikiliza huhisi mapema. Akishuka alisema maneno mawili matatu, bei ikapangwa papo hapo, na mwenye uwanja hakuwahi kumuuliza mara ya pili.

Siku moja katika shehena iliingia baiskeli ya mbio ya chuma, usukani wake umepinda kama pembe za kondoo dume, vishikizo vya giya viko kwenye bomba la chini kama ilivyokuwa zamani. Wanunuzi waliipita kama vile haipo. Wote walitaka alumini. Mama Timazi aliwacheka kimoyomoyo. Alumini ni nyepesi, sawa, lakini kila kokoto la barabarani litakufikia mgongoni, na ikipasuka imepasuka. Chuma kinameza mtikisiko, na fundi yeyote wa mageti anaweza kukiunga. "Kilo moja ya ziada!" alimwambia kijana mmoja aliyeibeua. "Punguza chapati, kilo itatoka yenyewe."

Alishaiona ni ya nani. Kitindamimba wake alikuwa amepata kazi ya kupeleka vipimo vya damu kutoka zahanati mpaka maabara, na sharti lilikuwa moja: aje na baiskeli yake mwenyewe, inayokimbia, Jumatatu. Binti alitafuta kazi miaka miwili. Mama alimwambia asihangaike na madalali, yeye mwenyewe atamchagulia, na hapo hata jirani angesema binti amepata bahati.

Aliigonga, ikalia vizuri. Chini ya shingo, laini. Akapanda, akaachia mikono, na kabla hajafika nusu ya uwanja ikaanza kuvuta kushoto. Akarudia. Kushoto tena. Alishuka akiwa amekasirika, kama mtu aliyedanganywa na rafiki.

"Inavuta kushoto," alimwambia shemeji yake. Huyu alikuwa mume wa marehemu mdogo wake, mnyooshaji wa fremu pale uwanjani, mtu wa maneno ya kuhesabika. "Inyooshe vizuri, ni ya mtoto."

Shemeji aliiangalia fremu, akamwangalia yeye. Kisha akaibana mezani, akatia nondo kati ya mabomba ya nyuma, akaegemea. Jioni Mama Timazi aliipanda tena akaachia mikono, ikaenda kama reli. Alirudi akicheka peke yake. Hata mwenye uwanja alishangaa, maana kumwona yule mama akicheka ilikuwa kama kuona kuku akinyonyesha.

Jumamosi asubuhi binti alikuja. Aliipanda, na kwa kuwa alifundishwa na mama huyo huyo tangu ana miaka kumi, mzunguko wa pili akaachia mikono. Baiskeli ikakata kulia. Akashika breki akiwa amebakiza hatua moja agonge mapipa.

"Mama, inavuta kulia."

"Umekaa vibaya wewe. Kaa katikati."

Akarudia, amekaa katikati. Ikamvuta kulia. Mama Timazi alimnyang'anya usukani, akapanda mwenyewe, akaachia mikono. Imenyooka kabisa! Aligeuka amwambie binti yake kwamba kinyozi mchanga hulaumu wembe, lakini binti hakuwa anaitazama baiskeli. Alikuwa anamtazama yeye.

"Mama, mbona umekaa upande?"

"Upande gani?"

"Kushoto. Bega lote limeshuka."

Mama Timazi alijitazama. Aliona amekaa sawa. Alipojaribu kukaa alivyoelekezwa na binti, alihisi anaanguka, akashika usukani haraka kama anayejifunza.

Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya shemeji. "Funga uzi."

Uzi ndicho kipimo cha wanyooshaji. Unafungwa nyuma, pale gurudumu linapokaa, unazungushwa shingoni mwa fremu, unarudishwa upande wa pili. Halafu unapima pengo kati ya uzi na bomba la siti, huku na huku. Mapengo yakilingana, fremu imenyooka. Shemeji alifunga, akapima. Hayakulingana. Hakuonekana kushangaa hata kidogo.

"Na kabla hujaipinda?" aliuliza Mama Timazi.

"Yalilingana."

"Ulipima?"

"Mara tatu."

"Sasa mbona ulipinda, shemeji? Mbona hukuniambia?"

Yule bwana aliukunja uzi taratibu. "Ningekuambia nini? Umesahau ile baiskeli ya mwalimu? Uzi ulisema imenyooka, wewe ukasema imepinda, nikabishana nawe mbele za watu. Kumbe uma unaoshika gurudumu la mbele ndio uliopinda, na uma uzi hauuoni. Walinicheka mwaka mzima. Tangu hapo wewe ukisema kushoto, mimi napeleka kulia. Ndivyo tunavyofanya kazi hapa."

"Nyingine ni ngapi?"

"Tangu ulipougua ile homa?" Alihesabu kwa vidole. "Saba, ukiacha hii."

"Zote kushoto?"

"Zote kushoto, shemeji."

Zile saba zilikwishaondoka. Waendeshaji wake sasa walikuwa njiani huko na huko, wameshika usukani kwa nguvu, wakidhani ndiyo tabia ya baiskeli ya bei nafuu.

Hapo Mama Timazi alikumbuka jambo alilolificha hata kwa binti yake. Ile homa ilipomtoka, sikio la kushoto lilibaki likivuma. Muuguzi alimwambia kilichokufa ndani ya sikio hilo hakirudi, na kwamba huenda akawa anayumba. Yeye alisikia la kwanza tu. La pili alilipuuza, maana mtu aliyewapima wenzake miaka yote hiyo ayumbe vipi? Sikio la kulia lilitosha kusikiliza chuma. Aliona aibu kama mtu aliyekutwa na uongo, na uchungu mkali zaidi, kwa sababu hakuwa amedanganya. Alisema alichokihisi. Alichokihisi ndicho kilichooza.

"Irudishe," alisema.

Shemeji alitia nondo, akaegemea upande wa pili, polepole. Bomba likatoa sauti ndogo, kavu. Wote watatu waliisikia. Akaiacha nondo mara moja. Chuma husamehe, lakini mabomba membamba ya baiskeli ya mbio hayasamehe mara mbili. Akiendelea yatapasuka kwenye kiungo. Akaifungua kutoka mezani ilivyo.

Binti aliichukua. Aliizungusha uwanjani mara tatu, mikono imekaza, kiwiko kimoja kimetoka nje kama bawa.

"Nitazoea, mama," alisema. "Si nitakuwa nimeshika usukani? Nani atanituma niachie mikono na damu za watu mgongoni?"

"Itakuumiza bega."

"Kazi nyingine iko wapi?"

Mama Timazi alitaka kumwambia aiache, amtafutie nyingine. Lakini nyingine angeichagua nani? Binti alitoka getini akipigana na usukani, mgongo umejikunja, na mama akasimama pale mpaka alipopotea kwenye kona. Machozi yalimtoka waziwazi, mbele ya mafundi, na hakuna aliyethubutu kumtania.

Hazikupita dakika kumi, mwenye uwanja akaja na mteja, mzee mmoja mpole aliyevaa sare ya mlinzi, anasukuma baiskeli ya chuma ya kijani. "Mama Timazi! Mzee wangu huyu ametembelea miguu maisha yake yote. Tupimie."

Shemeji aliinua macho kutoka mezani, kisha akayashusha. Mama Timazi alifuta uso kwa ncha ya kanga. Mahali pengine pa kufanya kazi hakupajua, na hapa alikuwa na kitu kimoja tu cha kuuza. Akaigonga fremu, akapapasa chini ya shingo, akapanda. Mzunguko wa pili akaachia mikono, na baiskeli ikamvuta kushoto.

"Vipi, mama yangu?" aliuliza mzee, ameshaanza kutabasamu.

Kilichovuta ni fremu au ni yeye? Mwili wake haukujua tena kutofautisha.

"Imenyooka," alisema, kwa sauti ile ile ya miaka ishirini na miwili.

Mzee alimshukuru kwa mikono miwili, akalipa, akapanda. Mama Timazi aligeuka akauangalia ukuta, asione inaelekea upande gani.