Nilivyopanga video ya kwaya ya Ipyana kwa AI, na dada aliyekataa kamera

Wakuu, salamu zenu popote mlipo. Hili limenitokea mwenyewe wiki hii na bado nina furaha nalo, kwa hiyo mnivumilie nikienda mbio.

Nina studio ndogo Mbugani, napiga video za harusi na kwaya. Kwaya moja ya Ipyana ikanipa kazi.

Shida ikawa soloist wao, dada Tusekile. Alipata stroke, uso upande wa kushoto ukalegea. Sauti imerudi yote, ila kamera hataki hata kuisikia. Na wimbo kautunga yeye, bila yeye hakuna video.

Nikafungua AI kwenye laptop. Nikaieleza wimbo ubeti kwa ubeti, nani yuko wapi kwenye shamba la kakao, kamera inasimama wapi. Ikanitolea storyboard, yaani michoro ya kila shot kwa mpangilio wake. Wakuu, kazi ya siku tatu niliimaliza asubuhi moja. Nilicheka peke yangu.

Ila nayo ina vituko. Ilichora kakao zinaning'inia kwenye vijiti kama maembe, wakati sisi tunazijua zinaota kwenye shina. Nimeirekebisha mara nne.

Nikaprinti, nikampelekea dada Tusekile nyumbani. Alikuwa anageuza kakao juani. Akafuta mikono, akatazama karatasi moja moja.

"Hapa unanichukua upande gani?"

"Kulia, dada. Zote kulia."

"Na hapa?"

"Umetupa mgongo, unaangalia shamba."

Akazikusanya karatasi. "Kumbe mtu anaweza kujua kabla. Mimi nilikuwa naogopa kushtukizwa. Nitakuja."

Siku ya shooting mambo yalinyooka, shot baada ya shot, hakuna kubishana.

Tukafika ubeti wa mwisho. Akaimba mstari mmoja, halafu akageuka, akaitazama kamera uso mzima. Kwenye mpango haikuwepo. Kidole changu kilikuwa tayari kukata, nikakitoa.

Alipomaliza nikamuuliza kama niifute shot hiyo.

"Iache. Sokoni si wananiona hivi hivi? Ndaga fijo."

Asante ile bado ninayo moyoni.

Nilidhani AI ni ya kuokoa muda tu. Kumbe faida kubwa ni anayepigwa video kujionea mapema na kuamua. Akiamua tofauti na karatasi, weka karatasi chini.

Wenye uzoefu, nyie mnafanyaje sura ya mtu isibadilike kutoka mchoro mmoja hadi mwingine? Mwageni maujuzi hapa, na wa kunikosoa nawasubiri.